Kilomita 5 kwa Dakika 48

Leo tumechagua kuzungumza juu ya mbio, wala si mbio za mabingwa. Ni mbio za mtu ambaye hajakimbia tangu alipotoka shule, na ambaye akimaliza hakuna gazeti litakaloandika jina lake.

Katika nchi yetu jambo hilo ni gumu kuliko wengi wanavyodhani. Tangu Wilson Kiprugut alipotuletea medali ya shaba kutoka Tokyo mwaka 1964, na Kipchoge Keino ile ya dhahabu kutoka Mexico mwaka 1968, kukimbia kwetu kumehesabiwa kuwa kazi ya watu maalum. Kijana wa Iten akipita barabarani alfajiri, watu humpisha njia. Lakini mama wa miaka 44, mwenye mwili wake, akionekana akikimbia mtaani, watu huulizana amefukuzwa na nani. Sisi Wakenya tunapenda mbio sana, ila tunapenda za wengine.

Tunamfahamu mama mmoja wa namna hiyo katika ushirika wetu. Jina lake hatutalitaja. Anauza mboga sokoni, naye hukaa kitako tangu asubuhi hadi jua linapotua. Daktari alimpima akamwambia ana presha, akampa dawa, akamwagiza atembee kila siku. Alitembea miezi mitatu. Kisha akaanza kuchanganya: anakimbia kutoka mlingoti mmoja wa umeme hadi mwingine, anatembea milingoti miwili, anakimbia tena. Hakufundishwa na mtu, lakini ndio mwanzo ulio salama. Pumzi huzoea upesi. Mifupa na mishipa ya miguu huchelewa, na mtu mwenye pupa huumia goti au muundi kabla mwezi haujaisha.

Miguu haikumsumbua sana. Kilichomsumbua ni macho ya watu. Makanga wa matatu walimhesabia hatua kwa sauti, moja, mbili, moja, mbili. Akina mama wenzake, na tunasikitika kusema kwamba ni wa kanisa hili hili, waliuliza kama nyumbani kwake hakuna kazi. Na mwanawe wa kidato cha tatu alimsihi kwa upole asipite karibu na shule yao. Hilo la mwisho lilimwuma. Basi akawa anatoka saa kumi na moja alfajiri, wakati hata mbwa hawajaamua kubweka, naye akafanya hivyo kwa majuma mengi.

Siku ya mbio ilipofika, zilikuwa kilomita 5 tu za barabara ya lami, za kuchangia wagonjwa, tulikwenda wachache wetu kumshangilia. Firimbi ilipolia, vijana walitoka kama siafu waliomwagiwa maji moto, naye akachukuliwa na wimbi hilo. Kabla ya kilomita ya kwanza kwisha, pumzi ilikuwa imekatika. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Ndugu zetu wanaotoka Mombasa hulijua hilo kwa kupanda ngazi tu. Akasogea kando, akatembea, akawaacha waende, wakaenda wote. Barabara ile haikuwa na milingoti upande wake. Akaanza kuhesabu miti.

Penye kilomita ya nne lilimfikia gari la wasimamizi, lile linalofuata nyuma ili njia ifunguliwe. Kijana aliyekuwa ndani akamwambia, "Ingia, mama, umejitahidi sana." Hakusema hivyo kwa dharau, alikuwa kijana mwema, na jua lilikuwa kali. Mama akamjibu, "Asante mwanangu. Wewe endesha tu polepole." Gari likamfuata kwa mwendo wa ng'ombe hadi mwisho. Watu walikuwa wamekwisha kuanza kufungua kamba na kukunja vitambaa. Saa yetu ya mkono ilionyesha dakika 48. Mabingwa wetu huwa wamemaliza umbali huo chini ya dakika 15. Walimpa medali kama waliyopewa wote, na mwanawe, aliyekuwa amekuja kumshikia sweta, alimtazama akasema, "Mama, kumbe ni mbali."

Mtume Paulo aliishi Korintho mwaka mmoja na nusu, na karibu na mji huo, mahali paitwapo Isthmia, palikuwa na michezo mikubwa kila baada ya miaka miwili. Wasomaji wake walijua vizuri alichosema katika 1 Wakorintho 9. Katika uwanja ule mshindi alikuwa mmoja, akavikwa taji la majani, na majani hukauka. Kisha Paulo anawageukia watu wote wa kanisa, wazee na watumwa, wenye mbio na wasio na mbio, na kuwataka wote wakimbie ili wapate. Katika uwanja wa Wagiriki maneno hayo hayana maana. Naye mwandishi wa Waebrania, sura ya 12, anapotaja mashindano yetu hatuagizi kasi. Anatuagiza saburi.

Hapo ndipo tunapotaka kusema na makanisa yetu waziwazi. Mtu aliyeacha pombe kwa majuma matatu, akaanguka, akaanza tena. Mzee wa miaka 60 anayejifunza kusoma kwa kufuata herufi kwa kidole. Hao mara nyingi tunawaambia kwa huruma waingie garini. Huruma ya namna hiyo humwondoa mtu njiani sawasawa na kicheko cha makanga.

Mwaka ule ule wa 1968, katika michezo ile ile ya Mexico, John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka katika mbio za marathoni akaumia goti. Akafungwa bendeji, akaendelea. Aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, akiwa wa 57, wa mwisho wa waliomaliza. Zaidi ya watu kumi walioanza pamoja naye walikuwa wamekwisha kuacha. Wolde alistahili dhahabu yake, wala hatumnyang'anyi. Lakini waulizeni wazee wa Afrika Mashariki ni nani wanayemkumbuka katika mbio zile.

Tukio moja dogo kabla hatujaagana. Mama yetu amejiandikisha tena, mara hii kilomita 10, na daktari wake amekubali. Wawili kati ya wale waliouliza juu ya kazi za nyumbani wamemwendea wakitaka kujua anaamka saa ngapi. Mmoja anasema milingoti ya mtaa wao imewekwa mbalimbali mno.

Hadi juma lijalo, Mungu akipenda. Bwana awe nanyi.