Shahidi Aliyekubali na Shahidi Aliyekataa

  Mwenye karatasi ya somo hili mkononi na afuate maneno kwa kidole ninaposoma. Asiye nayo atege sikio tu.

Leo tunajifunza habari za mashahidi. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno mawili: SHAHIDI na KIAPO. Shahidi ni mtu aliyeona au aliyesikia jambo, kisha akaitwa kulieleza. Kiapo ni ahadi mbele ya sheria kwamba utasema kweli. Shahidi akiapa kisha akasema uongo, amefanya kosa lake mwenyewe, hata kama hakugusa senti moja ya fedha zinazochunguzwa. Watu wengi hawalijui jambo hili. Hudhani mwenye hatia ni yule mwizi peke yake.

Mfano wetu unatoka mbali, katika mji wa Washington, Marekani. Nimeuchagua kwa sababu wahusika wenyewe walikuja kusimama hadharani wakaeleza walivyosema uongo, na kwa nini. Si mara nyingi tunapata bahati hiyo.

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Juni 1972, mlinzi wa jumba liitwalo Watergate, jina lake Frank Wills, aliona utepe wa kunata umebandikwa mlangoni ili kitasa kisijifunge. Akaubandua. Aliporudi akakuta umebandikwa tena. Basi akawapigia polisi simu. Polisi wakawakamata watu watano ndani ya ofisi za chama cha Democratic, wana kamera na vyombo vya kunasia mazungumzo ya watu. Mmoja wao, James McCord, alikuwa msimamizi wa ulinzi katika kamati iliyokuwa ikimpigania Rais Richard Nixon achaguliwe tena.

Waendesha mashtaka wakaanza kazi. Mwendesha mashtaka ni mwanasheria wa serikali anayekusanya ushahidi na kumpeleka mshtakiwa mahakamani. Swali lao moja kubwa lilikuwa lile ambalo hata mwanachama wa ushirika wa kahawa angeuliza: fedha za kazi hii zimetoka wapi?

Zilitoka katika hazina ya kamati. Gordon Liddy, aliyeongoza mpango wa kuingia katika ofisi zile, alikuwa amepewa karibu dola 199,000, taslimu. Aliyetoa ruhusa ni Jeb Magruder, naibu wa mkuu wa kamati. Magruder alijua Liddy ni mtu wa kazi gani. Mapema mwaka ule walikutana mara mbili katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, John Mitchell, na Liddy akaeleza mipango ya kupeleleza wapinzani. Mpango wake wa kwanza ulikuwa wa dola milioni moja. Fikiri, msikilizaji, mipango ya kuvunja sheria inaelezwa ndani ya ofisi ya mtu anayesimamia sheria za nchi nzima!

Basi Magruder alihitaji hadithi. Lakini uongo wa fedha hauwezi kusimama kwa mguu mmoja. Akisema mtu mmoja, ataulizwa: nani mwingine anajua? Kwa hiyo aliwaendea vijana wawili waliofanya kazi katika kampeni ile.

Wa kwanza ni Herbert Porter. Huyu alimpenda Nixon tangu utoto, na alikuwa na umri wa miaka 8 tu alipovaa beji yake ya uchaguzi kifuani. Magruder alimhakikishia kwamba hakuna mkubwa yeyote aliyehusika na uvunjaji ule, kisha akamwambia kwamba jina lake limetajwa kuwa ni mtu wa kutegemewa. Angalieni ujanja huo. Hakumwambia, "Njoo tuseme uongo." Alimpa sifa kwanza. Kisha akamfundisha maneno: aseme kwamba fedha za Liddy zilikuwa za kuwalipa vijana 10 wa kuingia katika vikundi vya wapinzani na kuleta habari, kila mmoja dola 1,000 kwa mwezi, kwa miezi 10.

Fanyeni hesabu hiyo katika madaftari yenu. 10 mara 1,000, kisha mara 10 tena. Mmepata 100,000? Vema. Hesabu ni sahihi kabisa, ila vijana wenyewe hawakuwapo.

Porter alikubali. Aliwaambia hivyo wapelelezi wa F.B.I., akasema hivyo mbele ya baraza la raia linalopima kama mtu ashtakiwe, na mwezi wa Januari 1973 akarudia mahakamani. Maseneta walipomwuliza baadaye kwa nini hakukataa, alisema aliogopa kuonekana hayuko pamoja na wenzake. Jibu hilo mimi nalisadiki. Wapo wanaosema uongo kwa tamaa ya fedha, lakini wapo wengi zaidi wanaosema uongo kwa haya.

Magruder mwenyewe alijiandaa vizuri. Mwanasheria wa Ikulu, John Dean, alimfanyisha mazoezi kwa kumwuliza maswali kama vile yeye ndiye mwendesha mashtaka. Kitabu chake cha miadi kilionyesha ile mikutano miwili katika ofisi ya Mitchell. Basi akasema mmoja ulivunjwa, na wa pili ulihusu sheria mpya ya fedha za uchaguzi. Uongo uliochanganywa na ukweli kidogo huteremka kooni kama uji. Waendesha mashtaka walimwamini, wakamsimamisha mahakamani awe shahidi wao.

Kijana wa pili ni Hugh Sloan, mweka hazina wa kamati. Mkewe alikuwa mjamzito wakati ule. Huyu Magruder alimtaka apunguze tu hesabu, aseme Liddy alipewa kama dola 75,000 au 80,000. Sloan akajibu kwamba hana nia ya kuapa uongo. Kwa maelezo ya Sloan, Magruder akamwambia huenda itambidi. Sloan alijaribu kuwaona wakubwa wa Ikulu, lakini hawakutaka kusikia. Mwezi wa Julai akajiuzulu kazi.

Sasa sikilizeni sehemu inayouma. Sloan aliposimama mahakamani na kutaja fedha zile kama zilivyokuwa, Jaji John Sirica hakuridhika naye. Tarehe 2 Februari 1973 jaji alisema waziwazi kwamba ana mashaka makubwa kama Sloan amesema kweli yote. Waongo walikuwa wamepatanisha maneno yao, na msema kweli alikuwa peke yake.

Hadithi ile ilivunjika mwezi uliofuata. McCord, aliyekuwa akingoja hukumu, alimwandikia jaji barua kwamba mashahidi walisema uongo kortini. Barua ilisomwa hadharani tarehe 23 Machi 1973. Baada ya hapo kila mmoja akakimbilia kwa waendesha mashtaka kabla mwenzake hajamtangulia. Magruder alikiri kosa akafungwa, akakaa gerezani miezi 7. Porter alikiri kuwadanganya F.B.I., akafungwa karibu mwezi mmoja. Mitchell alipatikana na hatia siku ya mwaka mpya wa 1975, na kiapo cha uongo kilikuwa miongoni mwa makosa yake. Rais Nixon alikwisha jiuzulu tarehe 9 Agosti 1974. Sloan hakushtakiwa kwa lolote.

Jambo moja la sheria kabla hatujaachana. Kule Marekani mtu ana haki ya kukataa kujibu swali ambalo jibu lake litamtia yeye mwenyewe hatiani. Kunyamaza namna hiyo si kosa. Lakini kumdanganya mpelelezi wa serikali ya taifa katika jambo kubwa la uchunguzi wake ni kosa, hata bila kiapo. Porter alifungwa kwa ajili hiyo.

Kazi ya juma hili ni hii. Rafiki yako amefundishwa na mkubwa wake maneno ya kuwaambia wapelelezi, naye anakuuliza akubali au akatae. Mwandikie barua ya mistari 10. Mwalimu atazisoma barua darasani Alhamisi, bila kutaja majina ya walioandika. Kwaherini.