Hata Filamu Njema Hujitembeza

(Mazungumzo kwa watengenezaji filamu chipukizi na wakazi wa Kaunti ya Nakuru)



Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ina ukweli wake, lakini mtengenezaji filamu akiifuata itampoteza. Kijana wa Njoro au Gilgil huuza ng'ombe, hukopa kwenye chama, hukodisha kamera na kupiga picha majuma matatu. Pesa zote huishia kwenye vifaa, chakula na nauli. Siku kazi inapokamilika, hakuna shilingi iliyobaki ya kuifikisha kwa watu. Ng'ombe ameenda, deni limebaki, na filamu imelala ndani ya kompyuta.

Basi swali la leo ni mawili kwa pamoja: pesa zitatoka wapi, na filamu itamfikia nani?

Njia ya kwanza ni wafadhili kutoka nje. Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na Tosh Gitonga, ilitokana na warsha ya One Fine Day Films ya Ujerumani ikishirikiana na kampuni ya Ginger Ink ya Nairobi. Inamhusu Mwas, kijana wa mashambani anayeuza filamu za wengine huku akiota kuwa mwigizaji. Ndiyo iliyokuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuwasilishwa kuwania tuzo ya Oscar. Warsha hizo hizo zilizaa Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyoonyeshwa mara ya kwanza katika tamasha la Berlin mwaka 2018.

Mfadhili wa namna hii huleta mafunzo, vifaa na mlango wa matamasha. Hata hivyo, mara nyingi mtazamaji wa kwanza huwa mbali na nyumbani. Anayepata ufadhili kama huo na aulize mapema, kabla ya kutia sahihi: ni nani atakuwa na haki ya kuionyesha filamu hapa Kenya, na lini?

Njia ya pili ni mifuko ya karibu. Docubox ya Nairobi, iliyoanzishwa na mwongozaji Judy Kibinge, husaidia filamu za hali halisi za Afrika Mashariki. Kitaifa ipo Tume ya Filamu ya Kenya, iliyoundwa mwaka 2005. Wote hawa hutaka kuona maandishi: hadithi kwa ufupi, bajeti, ratiba, na maelezo ya watazamaji wanaolengwa. Ombi lisilotaja watazamaji ni dhaifu hata kama hadithi ni tamu.

Njia ya tatu ni wananchi wenyewe. Huko Wakaliga, mtaa wa Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa gharama inayotajwa kuwa chini ya dola 200. Waigizaji walibeba diski na kuziuza nyumba kwa nyumba, kila mmoja akipata sehemu yake, wakishindana na wanaonakili kazi za watu bila idhini. Mwaka 2015 studio hiyo iliomba mchango wa dola 160 kupitia Kickstarter, ikapata zaidi ya dola 13,000. Waliochanga walikuwa tayari wameijua kazi yake. Watazamaji walitangulia, pesa zikafuata.

Sasa tupige hesabu ya hapa nyumbani. Ukumbi wenye watu 80, kiingilio shilingi 100, hutoa shilingi 8,000. Ukizunguka Molo, Njoro, Subukia, Bahati, Gilgil na Naivasha, hizo ni shilingi 48,000. Ondoa ukumbi, projekta, jenereta na usafiri. Kinachobaki hakilipi deni lote, lakini filamu imeonekana mara sita, na watu 480 wamejua jina la aliyeitengeneza. Ndiyo maana fungu la maonyesho litengwe kabla ya kamera kukodishwa, wala lisiguswe mvua ikiharibu siku ya kazi.

Sheria nayo isisahaulike. Filamu inahitaji leseni ya kupigwa picha, na kabla ya kuonyeshwa hadharani lazima iainishwe na Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya (KFCB). Wimbo wa mtu usitumiwe bila idhini yake ya maandishi. Wengi wamemaliza kazi kisha wakashindwa kuiuza kwa sababu ya wimbo mmoja tu.

Wakazi pia wana sehemu yao. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linataja kumbi za sinema na maonyesho ya video miongoni mwa majukumu ya kaunti. Kwa hiyo mwananchi anayeomba ukumbi wa jamii ukarabatiwe, uwekewe umeme wa kutegemewa na ukuta mweupe wa kuonyeshea filamu, haombi hisani. Mahali pa kusema hayo ni vikao vya ushirikishaji wa umma. Mpango wa Maendeleo wa kila mwaka huwasilishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Anayekuja baada ya tarehe hizo hukuta mengi yameshapangwa.

Katika Supa Modo, kijiji kizima kinaungana kumtengenezea filamu Jo, msichana mgonjwa anayeota kuwa shujaa. Kila mtu analeta alicho nacho. Hapa Nakuru, mwenye ukumbi, mwenye jenereta, mwalimu mkuu, kanisa, msikiti na mwenye matatu wanaweza kufanya vivyo hivyo. Na asiye na chochote cha kuazima, anunue tiketi ya shilingi 100, aketi, atazame hadi mwisho.