Juu ya filme za Jumamosi: maneno tuliyosema ku mukutano wa wanamemba



Kuna ulizo lililofika mu komite: kwa nini mafuta ya grupu yanaunguzwa kila Jumamosi jioni ili watoto waangalie filme za kuchorwa za Wajapani, zile wao wanaita anime? Wengine wanasema ni mambo ya mapepo. Wengine wanasema heri seri za Wamarekani, kule angalau kuna bantu ba kweli. Sisi tunaosimamia hizi jioni tunaangaliaka zote mbili pamoja na watoto, njo maana tunaomba kujibu.

Wengi wetu tumetoka Zambia: Meheba, Kala, Mwange iliyofungwa mwaka 2010, na wengine Mantapala iliyofunguliwa 2018. Watoto waliokomalia kule walisoma kwa Kiingereza, na mu kambi walizoea Kibemba na Kiswahili. Hapa Lubumbashi wanakuta masomo ni Kifaransa. Mtoto mwenye akili zake anakaa nyuma ya darasa kama bubu.

Sasa muangalie mbele ya televizio. Tukiweka seri ya Marekani iliyotiwa sauti za Kifaransa, watoto waliokomalia hapa mu komine wanacheka, na wetu wanaangalia nyuso za wenzao ili wajue saa ya kucheka. Tukiiweka kwa Kiingereza, inageuka: wetu wanakuwa wakubwa, wenzao wanasinzia. Lakini tukiweka Naruto kwa Kijapani, na maandiko ya Kifaransa chini, hakuna hata mmoja anayesikia. Wote ni wageni. Wote wanasoma. Maandiko yanapita mbio, basi mwenye kujua Kifaransa anasoma kwa sauti, mwingine anageuza kwa Kiswahili: "Anasema eti haogope kitu!" Kisha miezi michache, yule aliyekuwa anageuziwa anasoma yeye mwenyewe. Hilo tumeliona kwa macho yetu.

Na mapepo? Ni kweli, mule kuna munyama mwenye mikia tisa. Amefungiwa ndani ya Naruto siku ile alipozaliwa, na wazazi wake wakafa. Kijiji kizima kinamuogopa, watu wazima hawataki watoto wao wacheze naye. Mtoto mumoja wa kwetu alisema: "Njo sawa vile banatuitaka Bazambia." Hatukumufundisha kusema vile. Seri ya kwanza iko na vipande 220, ile inayofuata 500, na mu vyote ule mutoto anatafuta paka kitu kimoja: kijiji kimuhesabie kama wake.

Tusidanganyane, seri za Ulaya na Marekani ziko na utamu wao. Ile 24, msimu mmoja ni siku moja, vipande 24 kwa saa 24, hata mafuta yakiisha hakuna anayetaka kuenda. Mu Olive et Tom ni kinyume: mtoto anapiga mupira, mupira uko hewani, yeye anaanza kukumbuka maneno ya zamani, na kipande kinaisha mbele mupira haujaanguka. Papa mumoja, mufwasi wa Mazembe, alisimama akauliza arbitre iko wapi.

Lakini mu zile filme za Wajapani wakati unapita. Bart wa Simpsons ako na miaka 10 tangu 1989 mpaka leo. Goku wa Dragon Ball tunamuanza mtoto, anaoa, anazaa, mwishoni ni babu. Sisi tuliovuka mupaka na watoto mgongoni tukarudi nao wakitupita urefu, hiyo tunaisikia vizuri.

Kuna makosa pia. Death Note, ya mwanafunzi mwenye kijitabu cha kuua bantu, si ya wadogo, tumeitoa ku liste yao. Na wasichana wetu waliona kitu mbele yetu: mu Naruto mara nyingi mwanamume anapigana, msichana anatibu vidonda. Mu seri za Marekani wanakuta mwanamke kapiteni wa polisi, mwanamke juge. Wanazitaka hizo, na wako na haki.

Kwa hiyo tunaomba mafuta ya grupu yabaki ku bajeti. Jumamosi moja anime kwa Kijapani, ile inayofuata seri ya Marekani kwa Kiingereza, zote na maandiko ya Kifaransa chini. Wadogo watoke mbele ya saa moja ya usiku. Mwenye kuwa na Olive et Tom yote, vipande 128, alete ku flashi kwa katibu. Yetu inakatika katikati ya match, na watoto wanatuuliza kila juma.