Mamba wa Kifuani

Juma hili tuzungumze juu ya fulana.

Barabara itokayo Mpanda kwenda Sumbawanga hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi, halafu hufika Kibaoni. Watu wa huko hawahitaji kuelezwa mamba ni nini. Kiangazi, Mto Katuma ukikauka, mamba hujibanza kwa wingi mashimoni kwenye kingo zake. Lakini yupo mamba mwingine, asiyeng'ata. Ni mdogo, wa kijani, kifuani mwa fulana ya kola, ile vijana waiitayo "fomu siksi". Nimemwona Kibaoni kwenye kamba ya muuza mitumba, na bei yake ilikuwa juu kuliko ya fulana jirani.

Asili yake ni michezo. Mfaransa René Lacoste alishinda Wimbledon mwaka 1925 na 1928, enzi ambazo wacheza tenisi walivaa mashati ya mikono mirefu. Yeye alitaka vazi jepesi la pamba, la mikono mifupi. Jina lake la utani lilikuwa Mamba. Mwaka 1933, pamoja na mwenye kiwanda André Gillier, akaanza kuziuza fulana hizo.

Baadaye jina likachakaa. Kule Marekani lilitumiwa na kampuni nyingine kwa ruhusa, mamba akazagaa madukani, heshima ikapungua. Mwaka 1993 Wafaransa wakalirudisha jina lao mikononi. Mwaka 2000 wakamchukua mbunifu Christophe Lemaire, na mamba akafufuka.

Hiyo habari inatuhusu nini? Katavi nako hulimwa pamba. Sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nje kabla ya kusokotwa. Nguo zinazoturudia nyingi zimekwisha kuvaliwa na wengine.

Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kutufungia soko. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa nafuu ya ushuru. Sisi wengine tulilegeza.

Mimi sisemi yule muuzaji wa Kibaoni afukuzwe. Robota lile ndilo linalosomesha watoto wake. Nasema tuna majina yetu. Urafiki, iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968. Mwatex ya Mwanza. Mutex ya Musoma. Watu wazima wakiyasikia hutabasamu, na jina linalokumbukwa ni mtaji.

Tuanze na jezi za timu za shule: pamba yetu, mshono imara, rangi isiyochuja. Mnunuzi hatavaa uzalendo unaopauka kwa kufuliwa mara mbili.

Mamba wa Katuma huweza kungoja mvua shimoni miezi mingi. Mashine za kiwanda haziwezi; zikingoja, hula kutu.