Usiondoke Siku Uliyonunua: Kutayarisha Pikipiki Iliyotumika kwa Safari ya Mbali

[MUZIKI WA KIPINDI UNAPANDA, KISHA UNASHUKA TARATIBU]

MTANGAZAJI: Leo sina mgeni. Nazungumza nanyi mwenyewe, kwa sababu habari ya leo ilitokea nyumbani kwetu.

Vijana wengi wananisimamisha njiani na kuniuliza swali moja. Wanasema: kaka, tumechanga pesa, tunataka pikipiki iliyotumika ili tufanye kazi ya boda. Hapa kambini bei iko juu, tumeona twende Kampala tukanunue, kisha tuiendeshe mpaka nyumbani. Tufanye nini?

Jibu langu ni hili: nunueni, lakini msiondoke siku mliyonunua. Laleni mjini usiku mmoja, na siku inayofuata iwe ya kuitayarisha pikipiki. Nitawaeleza kwa nini.

Miaka 4 iliyopita mama yangu alipata zamu yake ya likelemba. Kwa wasiolijua neno hilo, likelemba ni mchezo wa akiba: kila mwezi kila mmoja anatoa kiasi walichopatana, na mmoja anapokea zote. Pesa hiyo, pamoja na ya mahindi aliyouza yaya yangu, kaka yangu mkubwa, ilifika shilingi milioni 3 za Uganda. Tukapanda basi mimi na yaya, tukaenda Kampala. Tukapata Boxer nyekundu, imeoshwa inang'aa. Tukabishana bei hadi jioni ikakaribia, tukalipa. Mfukoni ikabaki pesa ya petroli na ya chapati.

Hapo ndipo kosa letu lilipoanza, kabla hata ya kuwasha injini. Watu husema tuliondoka kwa haraka. Hapana, tuliondoka kwa sababu hatukuwa tumebakiza pesa ya kulala wala ya fundi.

Toka Kampala mpaka Mbarara ni kama kilomita 270. Kutoka hapo kwenda Nakivale bado kuna safari, na sehemu yake ni vumbi tupu. Tulipanda wawili, na gunia la nguo nyuma. Tulipotoka tu mjini nikasikia sauti chini ya mguu wangu wa kushoto: tak, tak, tak. Tukienda mbio inaongezeka, tukipunguza inapungua. Niliisikia, nikanyamaza. Nilijiambia yaya anajua zaidi yangu. Baadaye yaya aliniambia na yeye aliisikia, akanyamaza asinitie hofu.

Tulipita Lukaya giza limeingia. Mbele kidogo mnyororo ukakatika, ukajisokota ndani ya kifuniko chake na kuifunga gurudumu la nyuma. Tulianguka pembeni mwa lami. Mungu alisaidia, lori lililokuwa nyuma yetu lilikuwa bado mbali. Mimi nilichubuka tu. Yaya alivunjika mfupa wa mtulinga, huu unaotoka shingoni kwenda begani. Mpaka leo hawezi kuinua mkono huo juu ya kichwa. Na mama alilipa likelemba miezi 8, wakati pikipiki imelala ukutani haina mtu wa kuiendesha.

[MUZIKI MFUPI]

MTANGAZAJI: Sasa chukua kalamu na karatasi. Nitasema hatua kwa hatua.

Ya kwanza ni pesa. Gawa kabla hujafika kwa muuzaji. Kama mna milioni 3, msitafute pikipiki ya milioni 3. Tengeni kwanza ya fundi, ya vipuri, ya kulala na ya petroli. Itakayobaki ndiyo bei ya pikipiki. Na mwenzako aliyekusindikiza arudi na basi pamoja na mzigo. Pikipiki usiyoijua usiipakie watu wawili na gunia siku ya kwanza.

Ya pili ni karatasi. Omba kitabu cha usajili, kile tunachokiita logibuku. Linganisha namba ya chesisi na namba ya injini na zile zilizoandikwa humo, tarakimu moja moja. Namba ikiwa imekwanguliwa au imegongwa upya, rudisha pesa mfukoni uondoke, hata kama bei ni tamu. Andikeni mkataba wa mauzo mbele ya mashahidi, pamoja na nakala ya kitambulisho cha muuzaji, kisha fuatilia umiliki uhamie kwenye jina lako. Barabarani uwe na leseni ya pikipiki, bima ya kulinda watu wengine, na kitambulisho chako cha mkimbizi. Uganda sheria inaturuhusu kutembea. Mnaotusikiliza Tanzania au Kenya, kwenu kutoka kambini kunahitaji kibali, kwa hiyo ulizeni ofisini kabla ya safari yoyote.

Ya tatu, fundi. Tafuta fundi ambaye si wa muuzaji, na usikae mbali. Simama karibu, uangalie kila kinachofunguliwa.

Muanze na mnyororo. Boxer nyingi zina kifuniko kinachouficha mnyororo wote. Ni kizuri kwa vumbi, lakini kinaficha maovu pia. Yetu ilikuwa inang'aa nje, na ndani mnyororo ulikuwa mwekundu kwa kutu. Mwambie fundi afungue kifuniko chote. Shika mnyororo mahali unapozunguka nyuma ya sproketi kubwa, uvute kuelekea kwako. Ukinyanyuka hata ukaona nusu ya jino la sproketi, umechakaa. Tazama na meno yenyewe: yakiwa yamechongoka na kupinda kama ndoana, badilisha mnyororo na sproketi zote mbili kwa pamoja. Mnyororo mpya juu ya meno mabovu hauishi.

Kisha tazama kiungo cha kuunganishia. Kinashikwa na kibanio kidogo chenye umbo la samaki. Kichwa cha samaki, upande uliofungwa, kielekee kule mnyororo unakokwenda. Mkia, upande ulio wazi, ubaki nyuma. Kikiwekwa kinyume, kinaweza kuchomoka njiani. Fundi aliyefungua yetu baada ya ajali hakukikuta kibanio hicho. Kitu kidogo kuliko ukucha. Mwisho, mnyororo usikazwe kama waya wa kuanikia nguo wala usilegee. Katikati, upande wa chini, uchezecheze upana wa vidole viwili hivi.

Fuata matairi. Usidanganywe na kata nene. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu 4 ndani ya kiduara kirefu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 2314, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi la zamani lenye nyufa ubavuni halifai kwa mbali, hata kama kata bado ziko. Kisha gonga njiti za gurudumu moja moja kwa spana. Iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa sauti butu. Shika gurudumu juu na chini, ulitikise kushoto na kulia. Likicheza, beringi zimekwisha.

Breki: mfungue muone viatu vya breki, mbele na nyuma. Waya za breki na klachi ziangalie pale mwishoni kwenye kishikio. Ukiona nyuzi zimeanza kukatika, badilisha. Hiyo ndiyo itakayokatika mlimani.

Usukani: nyanyueni gurudumu la mbele, uugeuze pole pole kwa vidole. Ukikwama katikati kama umepata kishimo, beringi za shingo ni mbovu, na pikipiki itakuvuta ukiwa kwenye mwendo.

Injini: iwashe ikiwa baridi. Muuzaji akiwa ameipasha moto kabla hujafika, jiulize anaficha nini. Moshi wa buluu maana yake inakula oili. Kabla ya safari mwaga oili yote ingali na joto, na uitazame juu ya kitambaa cheupe. Chembe za chuma zikimetameta, uliza fundi. Oili ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Weka oili mpya ya daraja inayotakiwa, na ununue nyingine ya akiba. Fungua plagi pia. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Nyeusi yenye masizi, petroli inazidi. Nyeusi yenye mafuta, oili inapanda juu.

Taa zote, honi, na taa ya breki, hakikisha zinafanya kazi. Lori la nyuma linakuona kwa taa hiyo moja tu.

[MUZIKI MFUPI]

MTANGAZAJI: Vitu vya kubeba: spana namba 10, 12, 14 na 17, spana ya plagi, bisibisi, koleo, tyubu moja, viraka na gundi, pampu, plagi, waya wa klachi, kiungo cha mnyororo na kibanio chake. Vyote vinaingia kwenye mfuko mdogo.

Ukimaliza kwa fundi, zunguka mjini kilomita 10 au 20, urudi kwake. Kinachotaka kulegea kilegee pale ambapo spana ipo.

Asubuhi ondoka kukipambazuka, kofia ngumu kichwani, kamba imefungwa. Baada ya kilomita 20 simama. Pitisha mgongo wa mkono karibu na kitovu cha kila gurudumu. Kimoja kikiwa cha moto sana, breki inakwaruza au beringi inakufa. Angalia oili chini ya injini, kaza nati. Kisha simama tena kila baada ya kilomita 50 au 60. Usiikimbize injini usiyoijua. Pale Lwera, kwenye kinamasi, barabara imenyooka na malori yanakwenda kasi, kaa upande wako na usishindane na mtu.

Na jambo moja la kwetu sisi tuliotoka Kongo, Burundi au Rwanda. Kule tulizoea kuendesha upande wa kulia. Uganda, kama Kenya na Tanzania, ni kushoto. Ukichoka, hasa ukitoka kituo cha mafuta na barabara iko tupu, mazoea yanakurudisha kulia. Kila unapoingia barabarani jiambie kwa sauti: kushoto.

Giza likikukuta, lala pale ulipofika. Piga simu nyumbani, sema utafika kesho. Hakuna mama atakayekasirika.

Nakumbuka siku yaya alipotoka hospitali. Mimi nilidhani mama atauliza habari ya pesa. Hakuuliza. Aliuliza: "Hamkusikia kitu?" Tukatazamana, hakuna aliyejibu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukisikia tak, tak, simama. Usiogope kuonekana mshamba, wala usingoje mkubwa aseme kwanza. Aliyeketi nyuma naye ana masikio, aseme.

Pikipiki ile tuliitengeneza. Mimi ndiye ninayeiendesha sasa, na kila Jumapili yaya anakuja, anakaa kwenye kiti, anafungua kifuniko cha mnyororo kwa mkono wake mzima, anatazama. Haniulizi. Ananiambia tu: "Sawa, nenda."

Wenye maswali, yaleteni kwenye studio yetu au mpeni mtangazaji aliye karibu nanyi. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Nawatakia safari njema na kufika salama.

[MUZIKI WA KIPINDI UNAPANDA. MWISHO]