Hukumu ya Juventus

Ligi kuu ya Italia, ambayo tangu 1929 imekuwa mashindano ya taifa zima, iliingia fedheha mwaka 2006, pale mazungumzo ya simu yaliyonaswa yalipodhihirisha kwamba Luciano Moggi, mkurugenzi mkuu wa Juventus, alikuwa akisemezana na wakubwa waliokabidhiwa dhamana ya kuwapangia waamuzi mechi zao. Juventus, ambayo katika umri wake wote haikupata kushuka daraja, ilivuliwa mataji mawili, la 2005 likabaki bila mwenyewe na la 2006 wakapewa Inter, kisha ikateremshwa daraja la pili. Milan, Fiorentina na Lazio zikakatwa pointi. Na hukumu ya kwanza, ajabu iliyoje, ilisomwa siku tano tu baada ya Italia kutwaa Kombe la Dunia mjini Berlin! Naiona adhabu ile kuwa ya insafu, maana mwamuzi ndiye kadhi wa uwanja, na kadhi aliyeteuliwa kwa matakwa ya mdai hukumu yake ni batili. Wachezaji kadhaa mashuhuri wa Juventus walihama. Buffon na Del Piero, mabingwa wa dunia, walibaki, na msimu uliofuata wakairejesha Juventus ligi kuu.