Dakika 30 za Mtihani na Miaka ya Darasani: Marekebisho Stahiki kwa Wanafunzi Wenye Ulemavu katika Kaunti za Kitui na Makueni

Katika vyumba vya mitihani vya Kitui na Makueni, kama kwingineko nchini Kenya, mtahiniwa asiyeona hupewa karatasi iliyochapishwa kwa Breli, yaani maandishi ya nukta zinazosomwa kwa vidole, mwenye uoni hafifu hupewa karatasi ya maandishi makubwa, na watahiniwa wenye mahitaji maalumu huongezewa dakika 30 juu ya muda wa kawaida wa karatasi. Utaratibu huu wa Baraza la Mitihani la Kenya ni wa haki, na waliouasisi wanastahili shukrani. Lakini unazua swali ambalo ndilo kiini cha mhadhara huu, nalo ni jinsi mwanafunzi huyo alivyofundishwa katika miaka yote iliyoutangulia mtihani, kwa kuwa mtahiniwa anayeletewa karatasi ya maandishi makubwa baada ya miaka mingi ya kutazama ubao asioweza kuusoma ameongezewa muda wa kuandika mambo ambayo hakuwahi kupewa nafasi ya kuyajua.

Istilahi inayotumika hapa ni marekebisho stahiki. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuridhiwa na Kenya mwaka 2008, unaichukulia dhana hii kuwa ni mabadiliko ya lazima na yanayofaa, yasiyomtwika anayeyafanya mzigo uliopita kiasi, ambayo hufanywa kwa ajili ya mtu fulani katika hali fulani ili afaidi haki zake sawa na wengine. Dhana hii hutofautiana na ufikivu, ambao ni matayarisho ya jumla yanayofanywa kabla ya mtu yeyote kujulikana, kama vile kujenga njia ya mteremko mbele ya kila darasa. Ufikivu humtazamia mtu asiyejulikana bado, ilhali marekebisho stahiki huanza pale mwanafunzi mwenye jina anapoingia darasani na mwalimu akalazimika kuuliza ni kitu gani kibadilike ili naye asome.

Neno lenyewe la Kiswahili lina historia inayofaa kuangaliwa. Kitenzi kurekebisha huhitaji yambwa, yaani kile kinachotendewa, na kwa miongo mingi yambwa hiyo ilikuwa mtu mwenyewe. Mwaka 1964, Serikali ya Kenya huru iliunda kamati ya kuchunguza utunzaji na urekebishaji wa watu wenye ulemavu, chini ya uenyekiti wa Eliud Ngala Mwendwa, mwana wa Kitui aliyekuwa waziri wa kazi na huduma za jamii katika baraza la kwanza la mawaziri, na mapendekezo yake ndiyo yaliyozaa Waraka wa Bunge namba 5 wa 1968. Kwa wakati wake hatua hiyo ilikuwa kubwa, kwa sababu iliitoa habari ya ulemavu katika mikono ya wahisani na makanisa peke yao ikaifanya kuwa jukumu la dola, na ni jambo la fahari kwa Ukambani kwamba aliyeiongoza alitoka huko. Hata hivyo, jina la kamati linadhihirisha fikra za enzi hizo, kwamba mwenye ulemavu ni wa kutunzwa na kurekebishwa. Katiba ya 2010 imeigeuza sentensi hiyo: ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, ya kuingia katika taasisi za elimu zilizochanganyika na jamii kwa kadiri inavyoafikiana na maslahi yake, na ya kutumia Lugha ya Ishara, Breli au njia nyingine za mawasiliano zinazofaa. Yambwa ya kurekebisha sasa ni darasa.

Kabla ya mageuzi hayo, na kwa kiasi kikubwa hata baada yake, ilikuwa desturi mtoto ayafuate marekebisho mahali yalipo. Shule ya wasioona ya Thika, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, imewapokea watoto kutoka pande nyingi za nchi, na mtoto wa Mutomo au wa Kibwezi aliyebahatika kuifikia alilazimika kwanza kuacha nyumbani, lugha ya mama yake na watoto wa rika lake. Mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, Kenya ilianza kuweka vituo vya kutathmini watoto katika wilaya, na mwaka 1986 ikaundwa Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya jijini Nairobi, inayowafunza walimu. Elimu ya msingi isiyo na malipo ilipotangazwa Januari 2003, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ikapitishwa mwaka huohuo, milango ya shule za vijijini ilifunguka kwa watoto ambao awali walibaki nyumbani. Sheria hiyo iliikataza taasisi ya elimu kumnyima mtu nafasi kwa sababu ya ulemavu wake pekee, ikazitaka taasisi zizingatie mahitaji yake katika masharti ya kujiunga, mtaala, mitihani, ratiba na matumizi ya majengo. Mtoto aliingia darasani. Darasa lenyewe lilibaki vilevile.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni. Kitaifa, asilimia 2.2 ya watu wenye umri wa miaka 5 na zaidi walionekana kuwa na ulemavu, na Makueni ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizopita wastani huo. Takwimu hizo zina msaada mdogo kwa mwalimu, kwa maana zinamhesabu yule tu aliyesemekana kupata shida kubwa, au kushindwa kabisa, kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia au kuwasiliana. Mtoto mwenye shida ya kadiri, anayekodoa macho au kugeuza sikio moja kumwelekea mwalimu, hayumo katika asilimia hiyo, ingawa ndiye anayeweza kunufaika kwa badiliko dogo kabisa.

Mfano wa mwanafunzi mwenye ualbino unalidhihirisha hili. Ualbino ni upungufu wa rangi asilia katika ngozi, nywele na macho, na athari yake darasani huwa zaidi ya macho kuliko ya ngozi: mboni huchezacheza, mwanga mkali huumiza, na maandishi ya mbali hufifia. Katika shule ya upande wa Ikutha au Kathonzweni, saa nne asubuhi, mwanga huingia kwa madirisha yasiyo na vioo ukagonga ubao ambao rangi yake nyeusi imekwisha chakaa na kuwa ya kijivu, na mng'ao ukayameza maandishi ya chaki. Mwalimu mwema humleta mtoto huyo dawati la mbele, kwa kuwa ndivyo alivyoelekezwa, kumbe dawati la mbele kando ya dirisha ndipo mahali pabaya kuliko pote. Anachohitaji ni kuketi mbele lakini kivulini, mgongo au ubavu ukielekea dirishani, kuruhusiwa kuvaa kofia ndani ya darasa hata kama kanuni za shule zinakataza, kuukaribia ubao kwa miguu yake bila kuomba ruhusa kila mara, na kupewa daftari la mwenzake ili anakili kwa karibu. Ubao ukipakwa rangi upya, darasa zima hufaidika. Katika orodha hiyo yote hakuna linalosubiri bajeti ya Nairobi.

Kwa asiyeona kabisa, vifaa vina gharama ya kweli, na ni vyema hilo lisifichwe. Mashine ya kuandikia Breli ni ya chuma, nzito kwa mtoto wa umri wa gredi ya 3, na hutoa kelele inayowafanya wenzake wageuke. Wasio nayo hutumia kibao chenye vijumba na kidude chenye ncha, ambapo mwandishi hutoboa nukta kutoka kulia kwenda kushoto, kisha huigeuza karatasi na kuisoma kutoka kushoto kwenda kulia; kwa hiyo asiyeona anayejifunza kuandika huifikiri kila herufi kwa namna mbili, na muda zaidi anaohitaji ni sehemu ya kazi yenyewe. Kitabu kimoja cha kiada hugeuka majuzuu kadhaa ya karatasi nene, na siku hizi vifaa vya kielektroniki ambavyo huinua nukta kwenye mstari mmoja vimeanza kupunguza mzigo huo katika baadhi ya shule. Lakini kizuizi kikubwa kuliko vyote katika somo la hisabati mara nyingi ni maneno mawili ya mwalimu, "hii" na "hapa". Mwalimu anayeelekeza kidole ubaoni akisema kwamba ukichukua hii ukaigawa kwa hii utapata hii, amewafundisha wanaoona peke yao. Akisema kwamba 36 ikigawanywa kwa 4 hutoa 9, amefanya marekebisho stahiki kwa gharama ya pumzi tu, na hata mwenye kuona aliyekuwa akiinama kunakili naye amesikia.

Mwanafunzi kiziwi ana suala la aina nyingine, kwa sababu kwake kinachokosekana ni lugha. Sera ya elimu ya Kenya huruhusu gredi za kwanza zifundishwe kwa lugha ya eneo, ambayo huku ni Kikamba, hadi mtoto atakapomudu Kiswahili na Kiingereza. Mtoto kiziwi aliyezaliwa na wazazi wanaosikia hufika shuleni bila Kikamba, bila Kiswahili, na akiwa na ishara chache za nyumbani zinazoeleweka na mama na ndugu zake tu. Katiba, katika ibara ya 7, inaitaka dola iikuze Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo ni lugha kamili yenye sarufi yake, wala si Kiswahili wala Kiingereza kilichohamishiwa mikononi; na mtaala wa umilisi unamruhusu mwanafunzi kiziwi aisome lugha hiyo badala ya Kiswahili. Kwa wapenzi wa Kiswahili hili halipaswi kuhesabiwa kuwa hasara, kwa kuwa kanuni ileile inayompa mtoto wa Mwingi Kikamba katika gredi ya 1, kwamba mtoto huelewa kwanza kwa lugha iliyo yake, ndiyo inayompa kiziwi ishara. Ugumu ni kwamba lugha haipatikani kwa mwalimu mmoja aliyejifunza alfabeti ya vidole. Huhitaji watu wanaoitumia siku nzima, na hiyo ndiyo sababu viziwi wengi wenyewe huzitetea shule zao maalumu. Hoja yao ni nzito, na mwenye kupigania ujumuishi, yaani kusoma pamoja katika shule ya kawaida, hana budi kuisikiliza, la sivyo kiziwi atawekwa katikati ya watoto 50 wanaosikia na upweke wake uitwe ujumuishi.

Kuhusu mwendo, jambo linaweza kuelezwa kwa ufupi. Kitui ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000, sehemu kubwa ikiwa ni ardhi kame yenye mchanga, na mito yake mingi ni makorongo makavu ambayo mtoto huvuka kwenda shuleni hadi mvua inapokuja. Magurudumu membamba ya kiti kilichotengenezewa sakafu ya hospitali huzama katika mchanga huo. Shule inayojenga mteremko kwenye mlango wa darasa na kuiacha njia ya kwenda chooni ikiwa ya mchanga na mawe imemfikisha mtoto darasani, kisha ikamlazimu asinywe maji kutwa nzima katika joto hilo.

Ugawaji wa madaraka nao una la kusema. Jedwali la nne la Katiba linaiachia Serikali ya kitaifa shule za msingi, za sekondari na elimu maalumu, huku kaunti zikipewa elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Hivyo serikali za Kitui na Makueni zinashika ncha mbili za kamba, mwanzo na mwisho, bila kuwa na mamlaka juu ya katikati. Wapo wanaoliona hilo kuwa kisingizio cha kukaa kimya, lakini mwanzo ndio wenye thamani kubwa zaidi, kwa kuwa mwalimu wa chekechea humwona mtoto akiwa na miaka 4, wakati usikivu na uoni wake vinaweza kupimwa na familia kushauriwa mapema, na kaunti hizohizo ndizo zinazoendesha zahanati na hospitali za eneo hilo. Mwalimu wa kaunti na muuguzi wa kaunti wanalipwa na mwajiri mmoja, na katika vijiji vingi kituo cha chekechea na zahanati viko umbali wa kutembea kwa miguu. Kwa mzazi wa Tseikuru, ambaye safari ya kwenda mjini Kitui kutafuta tathmini ya mtoto humgharimu nauli na siku nzima ya kazi, ukaribu huo una uzito kuliko tangazo lolote la sera.

Kumsajili mtahiniwa mwenye mahitaji maalumu humlazimu mwalimu mkuu kuitaja aina ya ulemavu wake ili atayarishiwe karatasi inayomfaa. Pale ambapo swali hilo huulizwa kwa mara ya kwanza katika mwaka wa mtihani, linaulizwa wakati ambapo jibu haliwezi tena kubadili alichofundishwa. Katika daftari la chekechea, baada ya safu ya jina na safu ya tarehe ya kuzaliwa, nafasi ya safu moja zaidi ipo, ya kuandikwa kile ambacho mtoto huyo anahitaji ili aone, asikie, afike na aelewe. Na mwalimu wa gredi ya 1 akilipokea daftari hilo Januari, kabla ya watoto kuingia, atajua ni dawati lipi la kuondoa karibu na dirisha.